Ushujaa wa Kujipa na Ushujaa wa Kupewa

Katika Kitabu cha Ufunuo twasoma habari za kanisa la Smirna, mji ulio pwani ya Asia Ndogo, ambao leo huitwa Izmir, katika nchi ya Uturuki. Kanisa hilo lilionywa kwamba litapatwa na dhiki, nalo likapatwa. Yapata mwaka 155 au 156 askofu wake, Polikarpo, aliuawa kwa ajili ya imani, na waumini wa Smirna wakawaandikia ndugu zao wa mji wa Philomelium barua ya kuwaeleza mambo yote yalivyokuwa. Barua hiyo ipo hata leo. Ndani yake mna watu wawili ambao twapenda kuwaweka mbele ya wasomaji wetu, wapate kuwapima.

Wa kwanza ni Quintus, mtu wa Frigia, aliyekuwa amefika kutoka kwao siku si nyingi. Wakati ule Wakristo walikuwa wakitupiwa wanyama wakali katika kiwanja cha michezo, mbele ya makutano. Quintus hakungoja kushikwa. Alijipeleka mwenyewe, tena akawashurutisha na wengine wajipeleke pamoja naye. Yamkini waliomwona walidhani kwamba hapana shujaa kama yeye. Lakini alipowaona wale wanyama, moyo ulimwishia. Liwali alimsihi sana, naye akakubali kuapa na kuitolea miungu sadaka. Ngoma ikivuma sana, hupasuka.

Wa pili ni Polikarpo mwenyewe. Ireneo, aliyekuwa askofu wa Lyon katika nchi ya Ufaransa, aliandika kwamba katika ujana wake alimwona mzee huyu, na kumsikia akisimulia habari za Yohana na za wengine waliomwona Bwana kwa macho yao. Basi kama palikuwa na mtu mwenye sababu ya kujisifu, ndiye yeye. Makutano walipopiga kelele kwamba atafutwe, hakufadhaika, akataka kukaa mjini. Lakini wengi walimshauri aondoke, naye akalisikiliza shauri lao, akaenda kukaa katika shamba dogo lisilo mbali na mji. Huko alikesha akiwaombea watu wote na makanisa yote ya ulimwengu.

Labda msomaji atauliza: Je, huku si kukimbia? Na yule Mfrigia, ingawa alianguka baadaye, si alithubutu zaidi? Swali hili ni la haki, na jibu lake hupatikana katika yale yaliyofuata. Siku ya Ijumaa jioni askari walifika mahali alipokuwa. Bado alikuwa na nafasi ya kuhamia penginepo, lakini hakukubali. Alisema mapenzi ya Mungu na yatimizwe. Akashuka kutoka chumba cha juu, akazungumza nao, akaamuru wapewe chakula na kinywaji kadiri watakavyo, akaomba saa moja tu ya kusali. Akasimama akasali muda wa saa mbili, hata baadhi yao wakajuta kwamba wamekuja kumkamata mzee wa namna ile.

Kiwanjani liwali alimtaka aape kwa Kaisari na kumlaani Kristo. Polikarpo akajibu kwamba amemtumikia Bwana wake miaka 86 wala hakutendewa naye ubaya wo wote; awezaje basi kumtukana Mfalme wake? Alitishwa kwa wanyama, akatishwa kwa moto, asigeuke. Walipotaka kumpigilia misumari katika mti wa kuchomewa, aliwaambia wamwache, maana yeye atakayempa nguvu za kuuvumilia moto atampa pia kusimama pasipo misumari. Wakamfunga kwa kamba tu.

Tazameni neno lile: “atakayempa”. Polikarpo hakusema kwamba nguvu anazo. Alisema kuna atakayempa. Quintus alitoka nyumbani akijiona anazo tayari, na alipotia mkono mfukoni hakukuta kitu. Wala tusidhani kwamba tofauti yao ilikuwa ya ujana na uzee. Barua ile ile yamtaja Germanicus, ambaye liwali alimsihi auhurumie ujana wake. Naye, badala ya kurudi nyuma, alimvuta mnyama kwake, akafa. Unyenyekevu, basi, si woga, wala si sauti ndogo. Ni kutotangulia mbele ya wito, na wito ukiisha kufika, kutorudi nyuma.

Tena tutazame jinsi kanisa la Smirna lilivyoiandika habari ya Quintus. Wangeweza kuificha, maana ilikuwa aibu yao. Au wangeweza kumtukana. Hawakufanya hivyo wala hivyo. Walimtaja kwa maneno machache, wakasema kwamba hawawasifu wanaojipeleka wenyewe, kwa kuwa Injili haikufundisha hivyo. Na hao ndugu waliovutwa naye wasisahauliwe. Mwenye kujigamba hajitii peke yake hatarini. Huwaongoza na wengine kwenye shimo ambalo yeye mwenyewe hakulipima kina.

Sisi wa vijijini hatutupiwi simba kiwanjani. Hata hivyo Quintus hayuko mbali nasi. Mtu ameacha pombe juzi, na leo huenda kuketi penye pombe ili watu waone kwamba haanguki. Mwingine husimama katika mkutano akaahidi mambo makubwa mbele ya watu, wala hajaomba hata usiku mmoja juu ya mambo hayo. Mwingine humcheka ndugu aliyeshindwa na jaribu ambalo yeye hajakutana nalo. Na upande wa pili wako wanaonyamaza penye kudhulumiwa mjane, wakasema kwamba ni wanyenyekevu; hao nao wasijifiche nyuma ya shamba la Polikarpo, maana saa ilipofika yeye alishuka.

Basi kabla hatujainua mguu, na tujiulize swali moja: Nimeitwa, au nimejiita? Aliyejiita na arudi nyumbani akaombe. Aliyeitwa na ashuke, akiwa amekwisha kuomba.