Historia Fupi ya Neno "Ukimwi"

Katika makala hii nakusudia kuonyesha ya kwamba onyo la hatari hutegemea sana jina la hatari yenyewe. Mfano wangu ni neno Ukimwi katika Tanzania.

Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ya jina la kitaalamu la Kiswahili kuenea, wenyeji walikuwa wamekwisha kutoa lao: Juliana. Hilo lilikuwa jina la nguo za fahari zilizoletwa kwa magendo kutoka Uganda. Ni rahisi kulicheka. Lakini ndani yake mlikuwa na maelezo ya maambukizo, yaani maradhi yalivuka mpaka pamoja na biashara, fedha na mapenzi. Kasoro yake ni kwamba asiyevaa Juliana aliweza kujidhania yu salama.

Baadaye likaenea neno Ukimwi, lililoundwa kwa silabi za maneno Upungufu wa Kinga Mwilini. Uzuri wake hauko katika tafsiri tu, bali katika sarufi pia. Kwa kuwa laanza na u-, liliingia pasipo taabu katika ngeli moja na ukoma na umaskini. Hata asiyejua kuwa ni ufupisho aliweza kusema, "Ukimwi unaua." Herufi za Kiingereza, AIDS, hazikupata bahati hiyo, watu wa mitaani walizifasiri "Acha Iniue, Dogedoge Siachi," na onyo likageuka mzaha.

Lakini tamko likikaa sana vinywani ni vigumu kuling'oa. Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi. Tangu hapo ilipasa kupambanua VVU, yaani virusi, na Ukimwi, yaani hali ya ugonjwa. Na aliyeitwa "mwathirika" akaanza kuitwa "mtu anayeishi na VVU". Aliyeshika lile tamko la kale huona kupimwa ni kusomewa hukumu ya kifo, wala haendi. Naye hufa hali dawa ipo.

Kwa hiyo mwenye kuonya umma hana budi kwanza kulisikiliza jina walilolitoa watu, apime ujuzi na upofu uliomo. Kisha, ujuzi ubadilikapo, asione haya kuyabadili maneno yake. Kazi hii ni ya mwanaisimu kama ilivyo ya tabibu.