Maandamano Yaliyohama Mtaa

Mwaka 1969 Bunge la makaburu wa Afrika Kusini liliongeza kwenye Sheria ya Uasherati kifungu kimoja kifupi, cha 20A. Kiliwakataza wanaume kufanya jambo lolote la kuamshana ashiki wakiwa kwenye karamu. Na karamu ni nini? Sheria ikajibu yenyewe: ni tukio lolote wanapokuwapo watu zaidi ya wawili.

Watatu tu walitosha. Katika kesi moja iliyoripotiwa mwaka 1987, meja wa polisi aliingia kwenye kijichumba walimokuwa wanaume wawili, akawasha taa, nao wakaachana papo hapo. Mahakama ikalazimika kuamua kama kuingia kwa meja kulikuwa kumeifanya shughuli ile kuwa karamu. Iliamua kwamba hapana, kwa kuwa wale wawili walikwisha kutengana alipowasha taa. Majaji watu wazima, wenye majoho yao, walikaa kupima jambo hilo kwa uzito wote, kwa sababu matokeo yake yalikuwa kifungo.

Chanzo cha kifungu hicho kilikuwa Johannesburg. Januari 1966 polisi walivamia nyumba moja katika mtaa wa matajiri wa Forest Town, wakakuta wanaume wapatao 300 wakistarehe. Magazeti yalipiga kelele, wabunge wakaogopa, serikali ikaandaa sheria kali kuliko ile iliyopitishwa hatimaye. Wapenzi wa jinsia moja waliokuwa na uwezo, karibu wote Wazungu, walichanga fedha, wakaajiri mawakili wa kujieleza mbele ya kamati ya Bunge. Walifanikiwa kupunguza makali. Baada ya hapo wakarudi majumbani, wakafunga milango na mapazia.

Mweusi hakuwa na mlango wa kufunga. Sheria za pasi zilimfukuza mjini usiku, Sheria ya Maeneo ya Makundi ilimchagulia pa kuishi, na polisi waliomtafuta kwa kosa la kupenda walikuwa wale wale waliomtafuta kwa kosa la kutembea. Ndiyo maana maandamano ya kila mwaka ya mashoga na wasagaji wa Johannesburg, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, hayaelezeki kwa kusimulia muziki na bendera za rangi za upinde wa mvua peke yake. Yalizaliwa ndani ya harakati za ukombozi, na atakayefuata barabara yalizopita mwaka hadi mwaka ataona nani alikumbukwa na nani alisahauliwa.

Mtu aliyeyaanzisha alikuwa ametoka jela.

Simon Nkoli alizaliwa Soweto mwaka 1957, akakulia kwa sehemu katika mashamba ya Free State na baadaye Sebokeng, kusini mwa Johannesburg. Alikuwa kiongozi katika COSAS, chama cha wanafunzi. Mwaka 1983 alijiunga na GASA, chama cha wapenzi wa jinsia moja ambacho wanachama wake wengi walikuwa Wazungu na kumbi zake za burudani zilikuwa za Wazungu. Akaanzisha ndani yake kikundi cha weusi kilichoitwa Kundi la Jumamosi. Septemba 1984, baada ya vitongoji vya Vaal kulipuka kwa hasira ya kupandishiwa kodi za nyumba, alikamatwa. Yeye na wenzake 21, wakiwamo Popo Molefe na Patrick Lekota, walishtakiwa kwa uhaini katika kesi iliyoanza kusikilizwa katika mji mdogo wa Delmas. Adhabu iliyokuwa ikiwakabili ni kunyongwa.

Akiwa mahabusu aliwaambia wenzake yeye ni nani. Kulizuka mzozo. Baadhi hawakutaka kushtakiwa pamoja naye, wakiogopa upande wa mashtaka ungeitumia siri hiyo kuwadhalilisha wote. Walibishana kwa muda mrefu, na mwishowe wakabaki pamoja kizimbani. Huo ndio mkutano mkubwa kuliko yote katika historia hii, ingawa ulifanyika ndani ya kuta za jela na bila hata bango moja. Miaka kadhaa baadaye, Lekota alipokuwa kiongozi wa kitaifa, alieleza hadharani kwamba asingeweza kukubali watu kama Simon, waliobeba mzigo wa kuung'oa ubaguzi, wabaguliwe katika nchi mpya.

GASA kwa upande wake ilisema haishughuliki na siasa, ikamwacha mwanachama wake peke yake. Jumuiya ya kimataifa ya mashoga na wasagaji haikulisahau hilo, na mwaka 1987 GASA ikasimamishwa uanachama. Waliomwandikia Nkoli barua gerezani walikuwa watu wa Canada, Uingereza na Uholanzi ambao hawakuwahi kumwona. Hukumu ilipotolewa Novemba 1988, yeye akaachiwa huru.

Mwaka huo huo alianzisha GLOW, chama cha mashoga na wasagaji, pamoja na wenzake, wakiwamo Linda Ngcobo na binti wa Soweto, Beverley Palesa Ditsie. Kilikuwa chama cha rangi zote, lakini mizizi yake ilikuwa vitongojini. Huko KwaThema, mashariki ya Johannesburg, mama mmoja, Thokozile Khumalo, aliyejulikana kwa jina la MaThoko, aliifanya nyumba yake kuwa kimbilio la vijana waliofukuzwa na wazazi. Aliuza pombe, akawapa pa kulala, na barua za chama zikawa zinapitia kwake. Leo kuna chapa ya vitabu Johannesburg yenye jina lake. Wanahistoria hupenda kuandika juu ya viongozi na hotuba, lakini bila nyumba ya MaThoko pasingekuwa na watu wa kuandamana.

Februari 1990 ANC iliruhusiwa tena na Mandela akatoka gerezani. Miezi minane baadaye, Jumamosi ya tarehe 13 Oktoba, watu wapatao 800 walikusanyika Braamfontein kwenye ofisi za Taasisi ya Uhusiano wa Rangi. Waandaaji walikuwa wamefikiria hofu ya watu. Waliwagawia mifuko ya karatasi ya kuvaa kichwani, iliyotobolewa matundu ya macho, ili aliyeogopa kupoteza kazi au kutambuliwa na ndugu zake aweze kutembea na wenzake. Picha za siku ile zinaonyesha vichwa vya karatasi katikati ya nyuso zilizo wazi, weusi kwa weupe, katika jiji ambalo sheria za kuwatenganisha zilikuwa bado hazijafutwa zote.

Edwin Cameron, wakili wa haki za binadamu ambaye baadaye angekuwa jaji wa Mahakama ya Katiba, alihutubia. Ditsie, ambaye hakuwa amefika miaka 20, alihutubia. Nkoli alisimama akasema yeye ni mweusi na ni shoga, na kwamba hawezi kujikata vipande viwili akapigania kimoja leo na kingine kesho. Kisha wakaingia barabarani kuelekea Hillbrow, mtaa wa maghorofa ambako watu wa rangi zote walikuwa wamekwisha kuanza kuishi jirani kinyume cha sheria, na ambako baa ya Skyline ilikuwa miongoni mwa sehemu chache za mjini walizoweza kunywa pamoja. Wakazi wengine waliwashangilia kutoka vibarazani, wapita njia wengine wakawatukana. Ditsie alipoonekana kwenye televisheni baadaye, alitishiwa nyumbani kwao Soweto.

Hapo ndipo thamani ya kutembea hadharani ilipoonekana. Wakati huo huo katiba mpya ilikuwa ikijadiliwa, na wanasiasa hawangeweza tena kusema kwamba watu wa namna hii hawapo, au kwamba wote ni Wazungu. Katiba ya mpito ya 1993 ilikataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi. Mwaka 1995 Nkoli alikuwa katika ujumbe uliokutana na Rais Mandela kuomba ulinzi huo usiondolewe, na haukuondolewa: umo katika kifungu cha 9 cha katiba ya 1996. Hakuna katiba nyingine ya nchi duniani iliyokuwa imeutaja mwelekeo huo kabla ya hiyo ya Afrika Kusini. Tarehe 9 Oktoba 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la ulawiti baina ya watu wazima waliokubaliana, na ikakizika kile kifungu cha karamu ya watu watatu.

Nkoli aliishi kuona hukumu hiyo kwa wiki chache tu. Alikuwa na virusi vya UKIMWI na alilisema hilo waziwazi wakati wachache walithubutu. Alifariki 30 Novemba 1998. Jeneza lake lilifunikwa bendera ya upinde wa mvua, akazikwa Sebokeng. Siku kumi baada ya kifo chake, Zackie Achmat na wenzake walianzisha TAC, harakati iliyoilazimisha serikali kutoa dawa kwa wagonjwa. Na sheria ya ndoa za watu wa jinsia moja ilipoanza kutumika, ilikuwa 30 Novemba 2006, miaka minane kamili tangu kifo chake.

Ushindi ulipoingia katika vitabu vya sheria, maandamano yenyewe yalianza kubadilika. Malori yenye spika kubwa yakaongezeka, wadhamini wakaja, sherehe ya mwisho wa njia ikawa ndefu kuliko njia. Si vibaya watu kucheza. Waliotembea na mifuko kichwani walikuwa na haki ya kufurahi siku moja kwa mwaka. Lakini mwaka 2002 msafara uliacha katikati ya jiji ukahamia Rosebank na bustani ya Zoo Lake, vitongoji vya kaskazini vyenye miti, maduka makubwa na nyumba za kuta ndefu. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa usalama. Kwa msichana wa KwaThema au Soweto, nauli ya kwenda na kurudi peke yake ilikuwa kikwazo, na usalama wake yeye ulikuwa hatarini usiku akisharudi.

Hatari hiyo ilikuwa na majina. Julai 2007 Sizakele Sigasa na Salome Masooa waliuawa kwa risasi Meadowlands, Soweto. Aprili 2008 Eudy Simelane, kiungo aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake, Banyana Banyana, alibakwa na kuchomwa visu hadi kufa huko KwaThema. Aprili 2011, KwaThema tena, ikawa Noxolo Nogwaza. Wote walikuwa wanawake weusi waliojulikana kuwa wasagaji. Vitongoji havikusubiri kaskazini kuwakumbuka: Soweto ilianza maandamano yake mwaka 2004 chini ya shirika la wanawake la FEW, na KwaThema ikayapata yake mwaka 2009. Huko hakukuwa na wadhamini wa kugombewa. Watu walibeba picha za marehemu wao, wakapita mbele ya nyumba za majirani waliowajua kwa majina.

Jumamosi, 6 Oktoba 2012, pande hizo mbili zilikutana uso kwa uso. Msafara ulipofika barabara ya Jan Smuts, wanaharakati kama ishirini wa kampeni ya One in Nine, wengi wao wanawake weusi, walilala chini kukata njia, pamoja na masanamu ya watu yaliyowakilisha waliouawa. Madai yao yalikuwa dakika moja ya kimya. Badala ya dakika hiyo wakapata matusi na kusukumwa, na baadhi yao walisimulia kwamba waliambiwa warudi kwao vitongojini. Video ya tukio hilo ilisambaa, na nchi nzima ikaona.

Waandaaji walikosea, tena vibaya. Maandamano yaliyoasisiwa na mshtakiwa wa uhaini kutoka Sebokeng yalikataa kusimama sekunde sitini kwa ajili ya wafu wa vitongoji vile vile vilivyoyazaa. Bodi yao haikudumu. Aprili 2013 ilijivunja, na mwaka huo jiji likawa na maandamano mawili: moja kaskazini chini ya waandaaji wapya, na jingine, People's Pride, lililorudi katikati ya jiji na kuishia Constitution Hill, kilima ambako jela ya zamani ya makaburu inapakana na Mahakama ya Katiba.

Yale ya kaskazini ndiyo yaliyodumu kwa ukubwa, na baadaye yakafanyika Sandton. Oktoba 2022, siku chache kabla ya msafara, ubalozi wa Marekani ulionya kwamba magaidi huenda wakashambulia eneo hilo tarehe 29, siku ile ile ya maandamano. Maelfu walikwenda hata hivyo, polisi wakajipanga pembeni, na siku ikapita salama. Kilichorudi siku ile ni kitu cha mwaka 1990 ambacho wadhamini hawawezi kukinunua: uamuzi wa mtu kutoka nyumbani akijua anaweza kudhurika.

Afrika Mashariki iko karibu na habari hii kuliko inavyodhaniwa. David Kato, mwalimu wa Uganda, alifukuzwa kazi mwaka 1991 akaenda kufundisha Johannesburg katika miaka ile ya mpito. Alirudi kwao 1998 akaanza kusema hadharani, na Januari 2011 aliuawa nyumbani kwake, wiki chache baada ya kulishinda mahakamani gazeti lililokuwa limechapisha picha yake likitaka watu kama yeye wanyongwe. Agosti 2012 wenzake waliandamana kwa mara ya kwanza Entebbe, kando ya ziwa. Mwaka 2016 polisi walivamia hafla yao Kampala, na mwaka 2023 Uganda ikapitisha sheria yenye adhabu ya kifo. Vifungu vinavyotumika Kenya na Tanzania dhidi ya watu kama hao vimetokana na sheria za jinai walizoacha Waingereza. Afrika Kusini, kwa upande wake, iliandika katika Sheria ya Wakimbizi ya 1998 kwamba anayeteswa kwa mwelekeo wake wa kimapenzi anaweza kuomba hifadhi.

Barua alizoandika Nkoli gerezani kwa mpenzi wake zimehifadhiwa katika kumbukumbu za GALA, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1997 na yenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, pale pale Braamfontein. Anayefika Johannesburg, awe anakubaliana na maandamano haya au hakubaliani nayo, atenge saa moja akaulizie barua hizo na kuzisoma.