Ni Mimi au Ni Wao?

Mtu akinipigia simu kusema kompyuta yake imekufa, mara nyingi kompyuta haijafa. Imeganda, ama inazungusha kale kaduara kake, ama ukurasa umekataa kufunguka. Mimi ndiye fundi wa ukoo, cheo kisicho na mshahara, kwa hivyo simu hizi nimezizoea. Swali langu la kwanza huwa moja: "Shangazi, hebu jaribu kwa simu ya jirani. Kwake inafunguka?" Ikifunguka kwa jirani, tatizo ni letu: ruta, bando, waya uliolegea, ama saa ya kompyuta iliyorudi nyuma miaka kadhaa hadi tovuti za benki zikaanza kukukataa. (Kweli, angalia saa kabla hujaita fundi.) Isipofunguka hata kwa jirani, tatizo ni lao, na wewe tulia unywe chai.

Ni mimi au ni wao? Swali linaonekana dogo, la watu wa kompyuta. Lakini ukifuatilia historia ya intaneti hapa Kenya utaona kuna watu waliopelekana hadi kwenye baraza la rufaa kwa sababu yake.

Rudi mwaka 2000. Uko saiba katikati ya Nairobi, dakika zako zinahesabiwa, na unataka kufungua tovuti ya kampuni iliyo barabara ya pili. Ungeweza kutembea hadi kwao ukasoma kibao cha mlangoni. Lakini umelipa, kwa hivyo unabonyeza, unangoja. Unabonyeza tena. Jamaa wa saiba anakuja, anazima mashine, anawasha, anapiga keibodi kofi kidogo. Bado. Unahama kiti, kwa sababu kila mtu anaamini ile mashine ya kona ndiyo ina kasi.

Mashine ya kona haikuwa na kasi yoyote ya ziada. Shida ilikuwa njia. Kenya haikuwa na kebo hata moja ya intaneti chini ya bahari, kwa hivyo mawasiliano na ulimwengu yalipanda setilaiti. Na kampuni za intaneti za hapa nyumbani hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kama wewe ulikuwa mteja wa kampuni moja na ile tovuti iko kwa kampuni nyingine, ombi lako lilitoka Nairobi, likapanda juu, likashuka Marekani, likapanda tena, likashuka Nairobi. Barabara ya pili!

Wacha tupige hesabu, maana hapa ndipo utamu ulipo. Setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda, kushuka, kupanda, kushuka: kilomita 144,000. Hata ukienda kwa kasi ya mwanga, hiyo ni karibu nusu sekunde, na jibu linarudi kwa njia ileile, nusu nyingine. Sekunde nzima kwa swali moja na jibu moja, kabla hujahesabu msongamano. Na ukurasa mmoja si swali moja. Kwanza kompyuta inauliza jina la tovuti linaelekea seva gani. Kisha inabisha hodi kwa seva. Kisha ndio inaomba ukurasa, halafu picha moja moja. Sasa unaelewa kwa nini watu walifungua barua pepe, wakaenda kununua mandazi, wakarudi.

Hata majina yenyewe yalikuwa na safari. Kikoa cha .ke kilisajiliwa mwaka 1993, na aliyekisimamia huku alikuwa Dkt. Shem Ochuodho, akisaidiana kwa upande wa ufundi na Mmarekani Randy Bush, mhandisi aliyesaidia nchi nyingi za Afrika kuanza. Simlaumu mtu; bila wao hatungekuwa na jina. Ila jina la Kenya lilikuwa linatunzwa kwa msaada wa mtu aliye mbali sana na Kenya.

Dawa ilijulikana, na wala haikuwa ngumu. Unatafuta chumba kimoja Nairobi, unaweka swichi, kila kampuni ya intaneti inavuta laini yake hadi pale, na data ya Nairobi kwenda Nairobi inabaki Nairobi. Chama cha watoa huduma, TESPOK, kilifanya hivyohivyo. Mwishoni mwa Novemba 2000 kituo hicho kikaanza kazi kwa jina la KIXP.

Kiliishi wiki mbili.

Telkom Kenya ililalamika kwa Tume ya Mawasiliano. Wakati huo Telkom ilikuwa na haki ya peke yake ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, haki iliyokusudiwa kudumu hadi mwaka 2004, na mfumo wake wa Jambonet, uliozinduliwa 1998, ndio uliokuwa mlango wa kutokea nchini. Ikadai KIXP inaingilia haki hiyo. Tume ikaamua kwamba kituo kinaendeshwa bila leseni, kifungwe. Hebu tazama hiyo hoja vizuri. Data iliyotoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya Nairobi ilionekana kuwa mali ya mlango wa kimataifa, kwa sababu tu ilikuwa imezoea kupita huko. Mimi nadhani mawakili wa Telkom hawakuwa wajinga hata kidogo. Walijua kila safari ya bure ya kwenda Marekani na kurudi ilikuwa inalipiwa na mtu.

TESPOK ikakata rufaa na kuendelea kushinikiza. Karibu mwaka mzima ulipita. Leseni ilitoka Novemba 2001, na Februari 2002 KIXP ikawashwa tena. Safari ya data ndani ya Nairobi, iliyokuwa ikichukua sekunde na zaidi, ikawa ya sehemu ndogo tu ya sekunde. Hakuna mtu saiba aliyebadilishiwa mashine. Kiti cha kona kilibaki kilekile.

Mwaka huohuo, Desemba 2002, .ke ikahamishiwa shirika la hapa nyumbani, KENIC. Nikisoma tarehe hizi nawaza kuhusu wale mafundi waliotumia mwaka 2001 wote wakizima na kuwasha mashine za wateja huku wakijua fika kwamba swichi iliyohitajika ipo, imenunuliwa, imezimwa kwa barua.

Mambo ya kebo unayajua, nitapita haraka. TEAMS ilifika Mombasa Juni 2009, SEACOM ikaanza kazi Julai, EASSy ikafuata 2010. Intaneti ikashuka kutoka angani ikaingia baharini, na tukaanza kujifunza magonjwa mapya. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja karibu na bandari ya Mombasa ilishusha nanga juu ya TEAMS na kuikata. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, karibu na Mtunzini huko Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaanza kutambaa.

Halafu ikaja Jumanne ya 25 Juni 2024. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuzima intaneti. Alasiri ile, vijana wakiwa wameingia bungeni kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ikaanguka, Kenya, na Uganda na Burundi pia. Kampuni za simu zikasema ni hitilafu ya kebo za chini ya bahari. Wengi mtaani hawakuamini.

Simu yangu siku hiyo iliita sana, kila mtu akiuliza awashe upya nini. Kwa mkononi mwako, kebo iliyokatwa na swichi iliyozimwa zinafanana kabisa: kaduara kanazunguka. Nanga hukata kebo, tulikuwa tumeona kebo zikikatika wiki sita tu kabla. Lakini pia nchi hii iliwahi kuwa na intaneti iliyopunguzwa kasi kwa amri ya ofisi, na ikachukua zaidi ya mwaka kuirudisha. Mtu akisema "ni wao", ana kumbukumbu ya kumsimamia, hata kama hajawahi kusikia jina KIXP.

Ndiyo maana sasa nakuwa mkali kidogo kuhusu mahali tovuti inapokaa. Ninaendesha tovuti ndogo ya kikundi chetu cha maigizo: ratiba, picha, namba ya kulipia tiketi. Watazamaji wetu karibu wote wako Nairobi, lakini kwa miaka mitatu tovuti ilikaa kwenye seva ya Ujerumani kwa sababu ilikuwa rahisi kulipia. Kebo ikikatwa, mtu wa Umoja alishindwa kuona kama onyesho la Kayole liko saa ngapi. Kuna amri ndogo ndani ya kompyuta yako inayochora njia ya data, kituo kwa kituo. Niliifungua kwenye mkutano wa wanachama, wakaona ratiba yao ikipita Mombasa, ikivuka bahari, ikifika Ulaya.

"Kwani hiyo tiketi yetu ina pasipoti?" mweka hazina akauliza.

Seva ya Nairobi ilikuwa ghali zaidi, na kampuni ya kwanza tuliyojaribu ilikaa siku nne bila kujibu barua pepe. Tukabishana karibu saa nzima. Kura zilikuwa tisa kwa nne, tuhame. Nilinakili faili zote usiku, nikaelekeza jina kwa seva mpya, nikawaambia wangoje hadi saa 48 kabla kila mtu aione. Nakala ya Ujerumani bado nimeiweka hadi mwisho wa mwaka, endapo ya hapa itazimika. Mweka hazina anataka nieleze kwa nini tunalipia mbili.