Kipande cha Siku 30: Manamba wa Songea na Hesabu ya Wakati

Mshairi akitaja kipande, sikio letu huenda moja kwa moja kwenye mshororo: ukwapi upande huu, utao upande ule, na mizani inayohesabiwa hadi itimie. Kwa mtu wa Ungoni aliyepata kukata mkonge Tanga, neno hilohilo lilikuwa kadi. Kadi hiyo ilikuwa na nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi, na ilipojaa ndipo mtu alipolipwa. Waliokwenda huko waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikishwa kwa namba.

Ungoni haukuanza kuuza siku zake kwa kupenda. Vita vya Majimaji vilipozimwa, viongozi wengi wa Kingoni walikuwa wamenyongwa mjini Songea tarehe 27 Februari 1906, na majeshi ya Wajerumani yalikuwa yameteketeza vyakula hata njaa ikaua wengi. Baadaye Waingereza nao walidai kodi kwa fedha taslimu, na fedha ilikuwa mbali. Wenye mashamba ya mkonge walipounda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, Songea ilikuwa miongoni mwa wilaya walizozitegemea.

Sasa, ndugu msomaji, tuitazame hesabu yenyewe. Mwezi wa kalenda huisha wenyewe. Mtu akiugua au akifiwa, mwezi unakwenda. Kipande hakikwenda. Siku ya homa haikutiwa alama. Hata siku ya kazi haikupimwa kwa jua wala kwa saa, bali kwa matita ya majani ya mkonge aliyopangiwa mkataji. Yakipungua, nafasi ilibaki wazi.

Kwa mtu wa Songea, ugumu ulikuwa huu: kwao kuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Tanga ina masika na vuli; aliyechelewa mvua moja aweza kuiwinda nyingine. Songea, mahindi yasiyoingia ardhini mapema hayana mvua ya pili ya kuingojea. Basi chukua mfano wa vipande sita. Ni siku 180 za kazi, na ukiondoa Jumapili peke yake ni takriban miezi saba. Aliyeondoka Juni, mavuno yakiwa ndiyo kwanza yanaingia ghalani, asingemaliza kabla ya Januari, tena kabla hajaianza safari ya kurudi ya zaidi ya kilomita 1,000. Mvua zilikwisha kumtangulia. Siku alizouza zilikuwa zilezile ambazo shamba lake lilizihitaji kuliko zote, na jembe lilibaki mikononi mwa mkewe. (Sijui kwa nini tunapowataja manamba tunawahesabu wanaume tu, mwanamke aliyebaki naye alikuwa akikijaza kipande, ila bila kadi na bila ujira.)

Njia nyingine ilikuwapo. Mwaka 1936 kiliundwa chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, ambacho wengi tunakijua kwa jina la NGOMAT. Umatengo waliuza kahawa, Ungoni tumbaku ya moshi. Haikuwa kazi nyepesi. Tumbaku hudai kitalu, hudai kupandikizwa mvua ikiwapo, kisha hudai kuni na usiku wa kuulinda moto bandani. Nayo hugombania mikono ileile inayohitajiwa na mahindi. Bei haikupangwa na mkulima, na si wote walioacha kwenda mkongeni. Lakini mkulima huyo alilala nyumbani kwake, na mvua ya kwanza iliposhuka Desemba, yeye na mkewe ndio walioamua waanze na mbegu za mahindi au na miche ya tumbaku.