Kabla ya Mabango ya Matokeo: Historia ya Shule Binafsi za Mchanganyiko Mbulu na Hanang

Kila mwisho wa Januari, Baraza la Mitihani linapotoa matokeo ya kidato cha nne, simu za Mbulu mjini, Dongobesh, Haydom na Katesh hazitulii. Wanaosubiri kwa hofu kuliko wote ni wenye shule zisizo za serikali. Daraja la kwanza likijaa, fomu za kujiunga zitagombewa hadi Machi. Sifuri zikionekana, mzazi anaanza kuuliza nauli ya kumhamishia mwanawe Babati au Arusha. Wiki chache baadaye mabango yanapandishwa barabarani, yakiwa na picha za watahiniwa waliong'ara na namba ya simu ya mkuu wa shule.

Siyadharau mabango hayo. Mzazi aliyelipa ada kwa vitunguu swaumu, kwa nguruwe au kwa ng'ombe aliyeswagwa hadi mnadani ana haki ya kuona alichonunua. Ila kwenye picha hizo kuna jambo ambalo macho ya leo hulipita tu: wasichana wamesimama kando ya wavulana, majina ya Kiiraqw yamechanganyika na ya Kidatoga na ya Kinyaturu, na mwenye shule ni kanisa, kikundi cha wazazi au mtu mmoja aliyejipiga kifua. Kila moja ya mambo hayo lilichukua miongo mingi kupatikana, na mengine yalipatikana, yakapotea, yakatafutwa upya.

Elimu ya darasani iliingia nyanda hizi za baridi mapema karne ya 20, sambamba na boma la Wajerumani na misheni ya Kikatoliki. Mwanzoni ilikuwa shule ya katekista: banda la miti na udongo, kitabu cha dini, hesabu kidogo. Serikali ya Waingereza ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizosajiliwa katika miaka ya 1920, lakini mabanda ya vijijini yaliachwa yajitegemee. Kwa hiyo, kama tunatafuta shule binafsi ya kwanza Mbulu, tusiitafute kwenye majengo ya matofali. Ni banda lile, ambalo waumini walilijenga wenyewe na mwalimu wake alilipwa kwa mahindi pale mahindi yalipokuwepo.

Wasichana walifika kwa kuchelewa, na sababu haikuwa ukaidi wa wazazi peke yake. Wairaqw walikuwa na chuo chao cha kumlea binti, marmo, ambako wasichana walitengwa na kufundwa kabla ya ndoa. Desturi hiyo ilikoma zama za ukoloni, lakini hofu iliyoizunguka haikuondoka nayo. Binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa alihesabiwa amebeba uchafu ambao ungeidhuru kaya nzima, hata kijiji. Aliondolewa nyumbani, na waliompokea nao wakatengwa. Mzazi mwenye imani hiyo alipoambiwa ampeleke bintiye akae darasani na wavulana, mbali na macho ya mama yake, alikuwa akiambiwa aliweke hatarini boma lake lote. Tukilisahau hilo, tutawaona wazee wale kuwa wajinga, na hawakuwa hivyo.

Ndiyo maana masista walifanikiwa pale ambapo serikali ilishindwa: walitoa uzio, kitanda na mlezi wa kike. Mbulu ilifanywa eneo la kimisionari lenye uongozi wake mwaka 1943, chini ya mapadre Wapalotini kutoka Ireland, na mwaka 1953 ikawa jimbo kamili likiongozwa na Askofu Patrick Winters. Upande wa pili wa wilaya Walutheri wa Norway walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Hospitali kubwa porini ilihitaji wauguzi wanaojua kusoma kipimo cha dawa, na wauguzi wangetoka wapi kama mabinti wa vijiji jirani hawakufika hata darasa la nane? Haja hiyo ilisukuma elimu ya wasichana pengine kuliko mahubiri yote. Haydom baadaye ikaanzisha chuo chake cha uuguzi, wanaume na wanawake pamoja, na chuo hicho bado kinafundisha.

   

Uhuru ulipokuja, uhaba wa shule ulikuwa wa nchi nzima. Mwalimu Nyerere aliuweka wazi katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967: mwaka 1961 watoto 490,000 walikuwa shule za msingi, 11,832 tu sekondari, na kati ya hao 176 ndio waliokuwa kidato cha sita. Kufikia 1967 sekondari zilikuwa na wanafunzi 25,000 na kidato cha sita 830. Ongezeko kubwa, naam, lakini ligawe kwa wilaya zote, kisha liondoe sehemu ya wasichana, uone Mbulu ilibakiwa na nini. Hanang yenyewe ilikuwa bado ndani ya Mbulu hadi mwishoni mwa miaka hiyo ya 60.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969. Shule za misheni zilizokuwa zikipokea ruzuku zilitaifishwa. Majengo, madawati na walimu vikawa vya serikali. Ubishi wa kama lilikuwa kosa haujaisha hadi leo kwenye vikao vya wazee wa kanisa. Kwangu mimi lilikuwa jambo la haki lililoleta hasara yake. Haki, kwa sababu mtoto wa Kidatoga asiyebatizwa, au wa Mwislamu wa Katesh, hakuhitaji tena kubadili dini ya baba yake ili apate dawati. Hasara, kwa sababu jamii iliyozoea kubeba mawe na kufyatua matofali ya shule yake iligeuka kusubiri barua ya wilaya. Na kulikuwa na hasara ya pili isiyosemwa sana. Seminari ndogo hazikutaifishwa. Ziliachwa kwa kanisa ziandae mapadre. Zilikuwa za wavulana. Mbulu inajivunia Sanu, na wengi waliopita seminari za aina hiyo hawakuwa mapadre bali madaktari, walimu na watumishi wa umma. Mvulana Mkatoliki aliyekosa nafasi sekondari ya serikali aliweza kubisha hodi mahali pengine, na dada yake aliyefaulu kuliko yeye hakuwa na pa kubisha.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo shule ya mchanganyiko ikawa jambo la kawaida. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kila mtoto apate elimu ya msingi, na kufikia 1977 kijiji baada ya kijiji kilikuwa na shule. Hakuna aliyekaa kujadili falsafa ya kuwachanganya wavulana na wasichana. Kijiji kilikuwa na vyumba vitatu vya udongo na walimu wawili, wakaingia wote. Miaka saba ya kukaa dawati moja, kufagia uwanja mmoja na kuchota maji kisima kimoja iliwazoesha watu jambo ambalo mahubiri na amri havikuweza. Wasiwasi ulirudi kwenye hatua ya sekondari, kwa kuwa nafasi zilikuwa za kuhesabu vidoleni.

Wafugaji wa Hanang walikuwa na shida nyingine juu ya hiyo. Kuanzia 1970 mradi wa ngano wa Tanzania na Kanada ulichukua tambarare nzuri za malisho kuzunguka Basotu, chini ya shirika la NAFCO, na Wabarbaig, tawi la Wadatoga, wakasukumwa pembezoni. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya shirika hilo ilifika hadi Mahakama ya Rufani. Familia inayohama na mifugo haiwezi kumfikisha mtoto shule ya kutwa. Inamhitajia bweni, na bweni ni ada. Huko bonde la Yaeda, watoto wa Wahadzabe waliowekwa bweni na serikali walirejea porini kwa wazazi wao mara kwa mara, na wazazi hawakuwafukuza.

Katikati ya miaka ya 1980 wazazi wa Kilimanjaro walikuwa wameshachoka kusubiri. Walichanga, wakajenga, na shule za sekondari zisizo za serikali zikafikia idadi ya zile za serikali nchini, kisha zikazipita. Mbulu na Hanang hazikuwa na kahawa ya kiwango kile. Ziliingia kwa nguvu baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995, iliyofungua mlango rasmi kwa makanisa, jumuiya na watu binafsi. Mwaka huohuo Frederick Sumaye, mbunge wa Hanang, akawa Waziri Mkuu, na kiu ya elimu wilayani ilizidi kupamba moto.

Nyingi kati ya shule mpya zilikuwa za mchanganyiko, kwa sababu iliyo wazi: hakuna aliyekuwa na mtaji wa kujenga mbili. Lakini shule ya mchanganyiko si rahisi kama inavyodhaniwa. Inataka mabweni mawili, vyoo vya pande mbili, matroni na patroni, na uzio. Fedha zilipopungua, kilichoahirishwa mara nyingi kilikuwa bweni la wasichana. Basi binti akapangishiwa chumba karibu na shule, hayo yanayoitwa mageto, akajipikia, akajilinda mwenyewe, na wengi wakaishia njiani. Ukitaka kujua kama shule ilikuwa na mwaka mzuri, waombe wakuoneshe daftari la mahudhurio la kidato cha kwanza na la kidato cha nne, kisha uhesabu majina ya wasichana kwenye yote mawili. Hesabu hiyo haipo kwenye bango lolote nililowahi kuliona, na naamini ndiyo inayostahili kuwa juu kabisa.

Mtu mmoja aliyetoka ardhi hii alilipeleka wazo la shule binafsi ya mchanganyiko mbali na nyumbani. Filbert Bayi alizaliwa 1953 Karatu, wakati huo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwaka 1980 Moscow akatwaa medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi. Alipostaafu, yeye na mkewe Anna walianzisha shule Kimara, Dar es Salaam, kisha wakapanua hadi Mkuza, Kibaha: shule binafsi, wavulana na wasichana, darasa na uwanja vikienda pamoja. Nchi iliyomtoa Bayi, na Mbulu iliyomtoa John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni wa Olimpiki ya Mexico 1968, zingeweza kuwa na shule kadhaa za namna hiyo chini ya Mlima Hanang. Hewa ipo, miguu ipo. Wawekezaji walipendelea mabango ya daraja la kwanza.

Na mabango yakapata ushindani. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004 ulileta sekondari kila kata; ghafla kata za wilaya hizi zilikuwa na shule ya kutwa kwa ada ndogo, na tangu Januari 2016 bila ada kabisa. Baadhi ya shule binafsi zilipungukiwa wanafunzi. Zilizopona ziliuza vitu vitatu: bweni, Kiingereza na matokeo. Matokeo ya 2012, ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchini walipata sifuri kabla hayajapangwa upya, yaliwarudisha wazazi wengi kwenye shule hizo. Orodha ya shule kumi bora ikawa soko, hadi Baraza la Mitihani lilipoacha kuitangaza Januari 2023. Lilifanya vyema. Orodha ile iliwafundisha wenye shule kumwondoa mwanafunzi dhaifu akiwa kidato cha tatu ili asiwaharibie wastani, na katika familia yenye ng'ombe wachache aliyeondolewa akarudi nyumbani aghalabu alikuwa binti.

Kanuni za nchi nazo zilimfungia nje kwa miaka mingi aliyepata mimba, karibu sawasawa na ile desturi ya kale ya kumtoa binti kwenye kaya. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliojifungua kurudi shuleni. Kwa Mbulu, ambako bado wapo bibi wanaokumbuka jinsi waliotengwa walivyoishi, hilo lilikuwa tukio kubwa kuliko lilivyoripotiwa.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka Katesh na vijiji vya Gendabi na Jorodom, vikaua zaidi ya watu 80. Waliopoteza nyumba walihifadhiwa kwenye majengo ya shule. Januari iliyofuata, madarasa yalipofunguliwa, kulikuwa na watoto wasio na mzazi wa kulipa wala sare ya kuvaa, na ilibidi shule zinazoishi kwa ada ziamue nini cha kufanya nao.

Sasa kuna uamuzi mwingine njiani. Sera ya elimu, toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba yatamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza siku moja. Sekondari za kata za Mbulu na Hanang hazitawatosha, na shule binafsi zitaombwa zisaidie kubeba. Bodi za shule hizo zitalazimika kupanga bajeti za ujenzi. Safari hii bweni la wasichana liwe la kwanza kumwagiwa zege.