Lucille, Gitaa la B.B. King

Lucille ni jina ambalo B.B. King (1925–2015), gwiji wa bluzi, yaani muziki wa Wamarekani Weusi uliochipuka katika mashamba ya pamba ya kusini, aliyapa magitaa yake tangu mwaka 1949, alipojitosa katika ukumbi uliokuwa ukiteketea huko Twist, Arkansas, kuliokoa gitaa lake, kisha akaambiwa kwamba waliosababisha moto walikuwa wakimgombania mwanamke mwenye jina hilo.

Maarufu zaidi kati yake ni Gibson ES-355, gitaa la umeme lenye uwazi pande mbili na kipande cha mti kinachopita katikati. Matundu yake ya usoni yalichangia mvumo, yaani ukelele unaozuka gitaa linapoipokea tena sauti ya spika, hivyo King aliyaziba kwa vitambaa, na mwaka 1980 Gibson ikatoa toleo lisilo na matundu kabisa.

Uzuri wenyewe, hata hivyo, ulikuwa mkononi: kidole cha kushoto kiliubana uzi na kutikisika upesi kama bawa la kipepeo, noti moja ikatetemeka mithili ya koo la mwimbaji, ikatosha pale ambapo wengine wangehitaji kumi. Kwa kuwa King hakuwa na mazoea ya kuimba na kupiga kwa pamoja, kila alipomaliza mstari, Lucille alimjibu.