Kabla ya Kukaa na Mshauri wa Pesa, Nilikaa na Baba

Ijumaa ijayo nina kikao cha kila mwaka na mshauri wangu wa fedha. Ndiyo, mimi, yule yule wa kuishi na Fuliza tarehe 20. Mwaka jana nilienda mikono mitupu, nikatikisa kichwa kwa kila alichosema, nikatoka na karatasi yenye grafu nzuri ambayo sijaifungua tena mpaka leo. Mwaka huu nimeamua sitaenda kama mgeni wa harusi.

Ameniomba nilete vitu vya kawaida: stetimenti za benki na M-Pesa, madeni, payslip, karatasi za NSSF na bima. Lakini kulikuwa na swali moja lililonisumbua: "Familia yenu imekuwa ikifanya nini na pesa?" Nikaona hilo siwezi kulijibu peke yangu. Jumapili nikapanda matatu nikaenda nyumbani kwa Baba.

Nilichojifunza ni kwamba sisi Wakenya tuna historia ndefu ya kutoa pesa na historia fupi sana ya kuuliza imeenda wapi.

Anza na kodi ya nyumba. Serikali ya kikoloni iliileta mwaka 1901, na watu wengi hapa nchini walianza kuhitaji sarafu kwa sababu hiyo hasa: kulikuwa na karani aliyekuja kuhesabu nyumba. Fikiria hiyo. Wengi wa mababu zetu walikutana na hesabu ya pesa kwa mara ya kwanza ikiwa kwenye kitabu cha mtu mwingine. Ulipeleka, ukapewa risiti, ukaenda nyumbani. Hakukuwa na kikao cha kukuuliza wewe una mipango gani.

Benki ya Posta ya akiba ilianza 1910, sawa, mtu angeweza kuweka. Lakini kukopa? Mwaka 1926 ilitungwa sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika. Deni la zaidi ya shilingi 200 lilikuwa gumu kudaiwa kortini bila idhini ya serikali. Walisema ni kuwalinda Waafrika wasizame kwenye madeni. Sasa wewe kama ni mfanyabiashara, utamkopesha mtu ambaye huwezi kumdai? Hukopeshi. Kwa hivyo watu walilindwa mpaka wakabaki bila mtaji.

Soko la hisa la Nairobi nalo likaundwa 1954, chama cha madalali wa hisa. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua na kuuza humo mpaka baada ya uhuru. Mzee aliyekuwa na miaka 30 wakati huo angeweza kuvuna kahawa, kuosha magari ya wenye hisa, kulinda jengo lenyewe. Kununua hisa moja, hapana. Ndiyo maana mtu akiniambia "Waafrika hawana utamaduni wa kuwekeza" mimi huwa namuuliza: utamaduni gani unaokua nje ya mlango uliofungwa?

Lakini hadithi haiishii hapo, na hii sehemu ndiyo inanipa raha. Vyama vya ushirika vya kwanza, kuanzia ule wa Lumbwa mwaka 1908, vilikuwa vya walowezi. Baada ya sheria ya 1945 Waafrika nao wakaanza kusajili vyao, na baada ya uhuru vikazaa hizi SACCO zetu: za walimu, za polisi, za wenye matatu, za majani chai. Kwa mara ya kwanza kukawa na siku moja kwa mwaka ambapo mtu wa kawaida anaweza kusimama, akashika maikrofoni, akamuuliza mweka hazina, "Hii laki tatu hapa ni ya nini?"

Baba amehudhuria mikutano mikuu ya SACCO yake zaidi ya miaka 20. Nikamuuliza, "Baba, wewe ulikuwa unauliza nini?" Akacheka. "Nilikuwa nauliza mgao ni asilimia ngapi. Halafu nauliza nauli inatolewa saa ngapi."

Tulicheka wote. Halafu akanyamaza kidogo, akaanza kunieleza mambo ya 2008, ambayo hakuwahi kunieleza.

Wakubwa wanakumbuka. Vurugu za uchaguzi zilikuwa zimetulia juzi tu, mkataba wa serikali ya mseto ulisainiwa mwisho wa Februari. Mwezi uliofuata serikali ikaanza kuuza asilimia 25 ya Safaricom: hisa bilioni 10, kila moja bob 5. Watu walipiga foleni kama ya kura. Zaidi ya watu 860,000 wakawa wenye hisa. Nchi ambayo watu wake walizuiwa kuingia sokoni, sasa mama mboga, mwalimu na askari wote wanajaza fomu. Mimi hiyo naihesabu kuwa siku kubwa kwa nchi hii, hata kama wengi waliumia.

Baba aliumia. Alikopa laki moja kutoka SACCO akaomba hisa zenye thamani hiyo yote. Hisa ziliombwa kupita kiasi, kwa hivyo akapewa sehemu ndogo tu na zilizobaki akarudishiwa pesa baadaye. Lakini riba ya mkopo ilikuwa inatembea kwa laki nzima tangu siku ya kwanza. Juni soko likafunguliwa, siku ya kwanza bei ikapita bob 7, mtaa mzima ukawa na mabilionea. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imeshuka chini ya 5. Januari ndugu yangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Baba akauza zote, kwa hasara, akalipa karo.

"Kwa hivyo hisa zilikuwa mbaya?" nikamuuliza.

"Hisa hazikuwa mbaya, mwanangu. Ile pesa ilikuwa na kazi Januari, na mimi nilijua. Hakuna mtu aliniuliza."

Mwaka 2021 hisa hiyo hiyo ilipita bob 40. Baba anajua hiyo bei. Aliitaja kabla yangu.

Nilikaa na hiyo sentensi njia yote ya kurudi Nairobi. Hakuna mtu aliniuliza. Dalali alimuuliza namba ya kitambulisho. SACCO ilimuuliza wadhamini. Kila mtu aliyeshika hiyo fomu alitaka kujua kama pesa ipo. Ni lini itahitajika, hapana. Na yeye, mtoto wa watu waliozoea kupeleka na kupewa risiti, hakujua kwamba hilo ni swali la kuulizwa.

Ndiyo maana karatasi yangu ya Ijumaa inaanza na tarehe. Juu kabisa nimeandika pesa zote ambazo tayari zina kazi: kodi ya nyumba, karo ya mdogo wangu kila muhula, bima ya pikipiki Agosti, harusi ya binamu ambayo siwezi kuikwepa. Hizo hazigusi hisa wala dhamana ya miaka 10, hata mshauri akiniimbia.

Chini yake, madeni yote na riba zake, pamoja na yale ya simu tunayoyaonea aibu. Ukimficha mshauri deni, unamlipa akupe ushauri wa mtu mwingine.

Halafu NSSF. Kwa miaka mingi tulikatwa bob 200 kwa mwezi na hakuna aliyejali. Tangu Februari 2023 makato yanafuata mshahara, kwa hivyo hiyo sasa ni pesa yako ya maana. Ingia kwenye akaunti uone kama mwajiri anapeleka kweli. Tena angalia kwa UFAA, ile mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa, kama kuna hisa au akaunti ya marehemu wa familia imelala huko. Wazee wetu walinunua vitu bila kutuambia.

Mwisho, maswali yangu kwake. Unalipwa vipi, na mimi au na kampuni ambayo unaniuzia bidhaa zake? Ada zote kwa mwaka mzima ni shilingi ngapi, siyo asilimia? Mwaka jana ulinishauri nini, na kimetokea nini? Leseni nimeshaangalia mwenyewe kwenye orodha ya CMA. Sheria ya kuunda hiyo mamlaka ilitungwa 1989, na orodha iko wazi kwa kila mtu, kwa hivyo wewe na mimi hatuna kisingizio.

Wengine mtasema huna pesa ya kutosha kuwa na mshauri. Sawa. Fanya kikao hicho na chama chako, na mke wako, na dada yako aliye na akili ya hesabu. Mara moja kwa mwaka, na karatasi mezani.

Nilipoondoka Baba alinisindikiza mpaka stejini. Gari lilipofika akaniambia, "Ukimaliza na huyo mshauri wako, muulize kama anapokea wazee."

Nimemwambia aje Ijumaa. Atakaa kiti cha pembeni, na swali la kwanza litakuwa lake.